Linux Mint: kamera inaonekana ila mkutano unakataa kuifungua, eti "No space left on device", na diski ina nafasi tele

SteshenariBabati · Jumanne, saa 3:10 usiku

Wakuu, habari za jioni.

Nina kisteshenari changu hapa Babati: kompyuta tatu, fotokopi moja, na printa mbili ambazo mojawapo inafanya kazi kwa kuombewa dua. Mashine zote nilishazihamishia Linux Mint badala ya Windows, kisa virusi vya flashi za wanafunzi. Sijawahi kujuta mpaka leo mchana.

Kuna binti, mteja wangu wa siku nyingi. CV yake nimeichapa mimi, vyeti vyake vyote vimepita kwenye skana yangu. Ameitwa usaili wa mtandaoni keshokutwa Alhamisi, saa 4 asubuhi. Unafanyikia kwenye brauza: wanatuma linki, unabonyeza, unaingia. Simu yake kioo kimepasuka, kamera ya mbele inamwonyesha kama yuko ndani ya moshi wa mkaa, halafu wamemwambia kutakuwa na kipengele cha kuonyesha skrini. Nikamwambia njoo dukani, nitakupa mashine ya kona, mlango nitaurudishia nusu ili kelele za bodaboda zipungue. Kamera nimeazima kwa shemeji yangu, Logitech C270.

Jumapili duka likiwa limefungwa nilijaribu. Taa ya kamera ikawaka, nikajiona, nikampigia shemeji kwa video tukacheka. Nikalala usingizi wa mtu aliyemaliza kazi.

Leo binti amekuja tufanye mazoezi. Hakuna kitu. Firefox inauliza ruhusa, jina la kamera lipo kwenye orodha, nabonyeza kuruhusu, kisha mraba mweusi. Taa ya kamera haiwaki hata kidogo. Binti ananiangalia, mimi naangalia mraba.

Nimechomoa na kuchomeka kwenye matundu yote manne ya habu ya USB (desktop ni ya mtumba, Core i3 kizazi cha pili, matundu ya mbele limebaki moja zima, ndiyo maana nina habu). Nimesasisha Firefox. Kuzima na kuwasha mashine sijafanya, maana kijana wangu ameacha mitihani ya mwalimu mmoja wazi kwenye akaunti ya ofisi, hajaihifadhi na ameenda msibani Katesh hadi kesho. Mimi naingia kwa akaunti ya wateja.

Nikapekua mtandaoni nikakuta ushauri wa kujaribu kamera bila brauza. Nikaandika `ffplay /dev/video3`, ikajibu "Not a video capture device". Nikaandika `ffplay /dev/video2`, ikajibu hivi:

`ioctl(VIDIOC_STREAMON): No space left on device`

Sasa hapo si wanasema kifaa kimejaa? Nikaangalia diski: kati ya GB 320 zimebaki 41. Nikasema labda haitoshi. Nikafuta video ya sendofu ya mteja, GB 11. Ujumbe uleule. Nikafuta na folda ya nyimbo zangu za Zilipendwa. Uleule.

Nisaidieni kabla sijafuta duka zima.

---

Kidume_wa_Mbagala · saa 3:31 usiku

Mkuu rudi Windows tu, hayo mambo ya kuandika amri kwenye skrini nyeusi ni ya wadukuzi. Hiyo kamera haina draiva.

---

mama_kerneli · saa 3:58 usiku

Kaka wa Babati, kwanza pole, na pili usifute tena hata faili moja. Hiyo "space" siyo ya diski. Tutafika huko. Natumaini ile sendofu mwenyewe bado anayo kwenye flashi.

Kidume, draiva ipo. Kamera nyingi za USB zinafuata kanuni moja inayoitwa UVC, na draiva yake, uvcvideo, imo ndani ya kerneli (kiini cha Linux) tangu toleo la 2.6.26 la mwaka 2008. Na kama draiva ingekosekana, jina la kamera lisingetokea kwenye orodha ya Firefox.

Ndiyo maana sitaki tuichukulie kama kamera isiyoonekana. Kamera isiyoonekana na kamera inayoonekana ikakataa kufunguka ni magonjwa mawili, dawa zake hazifanani, na nusu ya watu wanaohangaika na kamera za Linux wanakunywa dawa ya ugonjwa wa jirani. Brauza yenyewe huwa inatofautisha. Fungua konsoli ya Firefox kwa F12 uone inalia nini. Ikisema `NotFoundError`, haijaona kamera yoyote. Ikisema `NotAllowedError`, ni ruhusa: wewe, au mtu kabla yako, alibonyeza kukataa na ikakumbuka. Ikisema `NotReadableError`, kamera imeonekana, ruhusa imetolewa, ila mlango umegoma kufunguka. Nina dau langu juu ya hii ya tatu.

Kuhusu `/dev/video3`: usiogope, hiyo haijafa. Tangu kerneli 4.16 ya mwaka 2018, kamera moja ya UVC inajitokeza kama faili mbili. Ya kwanza inatoa picha, ya pili inatoa maelezo ya kitaalamu tu kuhusu picha hizo. Ukiifungua ya pili ukitaka sura yako, lazima ikuambie haichukui video. Inasema kweli.

Sasa brauza tuiache, yenyewe ni mtu wa mwisho kupewa habari. Tuanzie chini kwenye waya tupande. Nibandikie majibu ya hizi (ya kwanza inachora vifaa vya USB vilivyounganishwa, ya pili inataja kamera, ya tatu inaonyesha ruhusa, ya nne inataja programu inayoshikilia kamera), na usikate mistari unayodhani haina maana:

```
lsusb -t
v4l2-ctl --list-devices
ls -l /dev/video*
fuser -v /dev/video*
```

Ya pili ikikataa, sakinisha `v4l-utils` kwanza.

Swali la mwisho, la udadisi: kamera ya kwanza ni ya nini? Kamera yako ni video2 na video3. Kuna mwenzake amekalia video0 na video1, na wewe hujamtaja.

---

pwani_bsd · saa 4:20 usiku

Hujambo ndugu. Kabla hujaenda mbali, hakikisha huyo mtumiaji wa "wateja" yumo kwenye kundi la `video`. Mimi nilipoteza jioni nzima Mombasa kwa sababu hiyo. Amri ni `sudo usermod -aG video wateja`, kisha lazima utoke kwenye akaunti na kuingia upya, la sivyo utaapa kwamba haikusaidia.

Kwetu kwenye FreeBSD, mfumo mwingine wa kompyuta unaofanana na Linux, mambo ni mengine kidogo, naandika kwa atakayepita hapa akitafuta. Huko kamera haiendeshwi na kerneli moja kwa moja, kuna programu ya pembeni iitwayo webcamd inayobeba draiva za Linux. Unasakinisha `webcamd`, unaweka `cuse_load="YES"` kwenye `/boot/loader.conf`, unaandika `sysrc webcamd_enable="YES"`, na mtumiaji unamtia kwenye kundi la `webcamd`, siyo `video`. Ukisahau hilo la kundi, utaiona `/dev/video0` kwa macho yako na bado utafungiwa nje.

---

SteshenariBabati · saa 5:02 usiku

Dada mama_kerneli, Mungu akuweke. Video ya sendofu mwenyewe anayo, nimempigia saa hizi, amenisema lakini anayo. Zilipendwa ndiyo zimekwenda.

Konsoli inasema `NotReadableError: Failed to allocate videosource`. Dau lako umekula.

Haya majibu mengine. Hili la kwanza ni refu, nimebakiza sehemu zenye kamera tu (najua umesema nisikate, ila kipanya na kibodi nimevitoa):

```
/:  Bus 02.Port 1: Dev 1, Class=root_hub, Driver=ehci-pci/3p, 480M
    |__ Port 1: Dev 2, If 0, Class=Hub, Driver=hub/8p, 480M
/:  Bus 01.Port 1: Dev 1, Class=root_hub, Driver=ehci-pci/3p, 480M
    |__ Port 1: Dev 2, If 0, Class=Hub, Driver=hub/6p, 480M
        |__ Port 3: Dev 5, If 0, Class=Hub, Driver=hub/4p, 480M
            |__ Port 1: Dev 7, If 0, Class=Video, Driver=uvcvideo, 480M
            |__ Port 2: Dev 9, If 0, Class=Video, Driver=uvcvideo, 480M
```

```
USB2.0 PC CAMERA: USB2.0 PC CAM (usb-0000:00:1a.0-1.3.1):
        /dev/video0
        /dev/video1

UVC Camera (046d:0825) (usb-0000:00:1a.0-1.3.2):
        /dev/video2
        /dev/video3
```

Kwenye `ls -l` zote nne zinaanza hivi: `crw-rw----+ 1 root video 81`.

`fuser -v` haijajibu chochote. Imerudi kimya, kama mtu uliyemdai.

Hiyo kamera nyingine ni ya paspoti saizi. Ni ya bei rahisi, haina hata jina, nimeifunga juu ya kitambaa cha bluu kwa gundi ya karatasi. Sikuitaja kwa sababu haihusiki, hakuna anayepigwa picha saa hizi.

---

mama_kerneli · saa 5:41 usiku

Inahusika. Yenyewe ndiyo kesi nzima.

pwani_bsd, nakushukuru, ila tazama ile alama ya `+` mwisho wa ruhusa. Maana yake mfumo wenyewe unampa ruhusa mtu aliyekaa mbele ya skrini kwa wakati huo, hata kama hayumo kwenye kundi la video. Na angekosa ruhusa, ffplay ingesema "Permission denied". Yeye ameambiwa nafasi hakuna. Tumwamini mlinzi anachosema, tujue tu anazungumzia nafasi ipi.

Kaka, nafasi iliyojaa ni ya njia ya USB. Angalia mchoro wako: kamera zote mbili zimening'inia kwenye habu moja, habu imening'inia Bus 01, yaani basi (njia) ya kwanza ya USB. USB 2.0 ina megabiti 480 kwa sekunde, sawa na megabaiti 60. Hizo ni za basi zima, mnagawana wote mliopanda humo. Halafu kamera haisafirishi picha kama flashi inavyosafirisha faili. Flashi inangoja, njia ikiwa na watu inasimama pembeni, zamu ikifika inaendelea. Video ikingoja inakuwa kituko. Kwa hiyo kamera inakata tiketi kabla ya safari: kabla haijatuma picha hata moja, inaomba itengewe sehemu yake ya njia, na kiti hicho ni chake mpaka ishuke, hata kikienda kitupu. Safari za aina hiyo haziruhusiwi kuchukua zaidi ya asilimia 80 ya njia, yaani megabaiti 48 hivi. Sekunde moja inakatwa vipande 8,000, na kamera moja inaweza kuomba mpaka baiti 3,072 katika kila kipande, ambayo ni megabaiti 24.6. Mbili zikiomba hivyo, ni 49.2.

Umeona? Ya kwanza inakaa, ya pili inaambiwa gari limejaa. Na hapo bado sijahesabu maikrofoni ya hiyo C270, nayo inapita mlango huohuo.

Utaniuliza, kwani picha yenyewe ina uzito gani? Kwa mtindo usiobanwa, unaoitwa YUYV, kila nukta inabeba baiti 2. Picha ya 640 kwa 480, mara 2, mara picha 30 kwa sekunde: megabaiti 18.4. Kamera za bei chee zina tabia ya kuomba kiti kikubwa kuliko mwili wao, zinaomba 24.6 hata kama zinahitaji chini ya hapo. Kamera iliyobandikwa kwa gundi naishuku kwa hilo.

Lakini tiketi inakatwa kamera ikiwa inarusha picha tu. Ikiwa imechomekwa na imelala, haidai kitu. Kwa hiyo kuna programu, sasa hivi tunapoandika, inayoitumia ile ya paspoti. Jumapili duka lilikuwa limefungwa, programu hiyo haikuwa wazi, ndiyo maana mlicheka na shemeji.

Utasema fuser haikuonyesha mtu. Ni kweli, kwa sababu fuser ukiiendesha bila sudo (mamlaka ya msimamizi) inakuonyesha programu zako mwenyewe tu. Za mtumiaji mwingine haina idhini ya kuzichungulia. Na wewe umetuambia mwenyewe, kwenye ujumbe wako wa kwanza kabisa, kwamba kuna akaunti ya ofisi imeachwa wazi.

Kijana wako anapiga picha za paspoti kwa programu gani?

---

SteshenariBabati · saa 6:15 usiku

guvcview.

Wakuu, nimerudi dukani na tochi. Mke wangu anadhani nina jambo lingine mjini, nimemwonyesha uzi huu, amesoma mpaka kwenye gundi ya karatasi akasema nenda.

Akaunti ya wateja haina sudo, kwa makusudi, wanafunzi ni wanafunzi. Nikaandika `su - ofisi`, nenosiri, kisha `sudo fuser -v /dev/video*`. Hii hapa:

```
                     USER        PID ACCESS COMMAND
/dev/video0:         ofisi      3127 F...m  guvcview
```

Kijana alipiga picha za mtu jana mchana, akabadilisha mtumiaji bila kufunga programu, akaenda msibani. Kamera ya paspoti imekesha ikipiga picha kitambaa cha bluu, mara 30 kila sekunde. Na taa yake ilikuwa inawaka muda wote, ninaiona hapa. Sikuwahi kuitazama kwa sababu imeelekea chini.

Sasa nishike wapi? Nikiua hiyo programu mitihani ya mwalimu itapona?

---

mama_kerneli · saa 6:22 usiku

Itapona. Unaua programu moja kwa namba yake, akaunti haiguswi:

`sudo kill 3127`

Halafu bado ukiwa kwenye terminali ileile, andika `exit` urudi kuwa wateja, ujaribu `ffplay /dev/video2`. Ukijiona, nenda Firefox.

Na usizime mashine mpaka kijana ahifadhi mitihani. Au iingie mwenyewe akaunti ya ofisi, bonyeza Ctrl na S, kazi imekwisha.

---

SteshenariBabati · saa 6:29 usiku

NIMEJIONA. Uso umechoka lakini nimejiona. Firefox nayo imekubali.

Na mitihani nimeihifadhi. Kumbe ni Hisabati Kidato cha Pili, swali la 7 kajibu mwenyewe kwa makosa, nitamwambia mwalimu.

---

fundi_wa_mitumba · Jumatano, saa 1:05 asubuhi

Nimesoma yote nikiwa kwenye daladala. Hongereni, lakini hapo mmeondoa mgonjwa kitandani, kitanda bado ni kimoja. Kesho binti yuko katikati ya usaili, anaingia mtu anataka paspoti saizi ya haraka, kijana anaingia ofisi, anafungua guvcview. Nani atakosa kiti? Safari hii yule aliyewahi atabaki, na paspoti ndiyo itagoma. Ila ikitokea kamera ya binti ikachomoka hata mara moja, kurudi hawezi.

Mambo mawili ningefanya. La kwanza linatoka kwenye mchoro wa lsusb wa jana. Bus 02 iko tupu kabisa! Mashine za kizazi hicho cha pili cha Core zina vidhibiti viwili vya USB 2.0 vinavyojitegemea, kila kimoja na megabiti zake 480. Zungusha desktop, chomeka C270 moja kwa moja kwenye tundu la nyuma, bila habu, kisha andika tena `lsusb -t`. Ikitokea chini ya Bus 02 umemaliza. Ikitokea Bus 01, hamia tundu jingine mpaka uipate. Msidanganyike na wingi wa matundu kwenye boksi. Mashine yenye matundu kumi inaweza kuwa na njia mbili tu, na nyingi za kisasa yale yote ya USB 2.0 yanaishia njia moja.

La pili, kwenye guvcview upande wa video badilisha mtindo kutoka YUYV kwenda MJPG kama hiyo kamera inao. MJPG inaibana kila picha kabla ya kuituma. Utajua kwa `v4l2-ctl -d /dev/video0 --list-formats-ext`.

Kama haina MJPG, na kama bado unazihitaji zote mbili njia moja, ipo dawa ya kienyeji. Unatengeneza faili `/etc/modprobe.d/uvcvideo.conf` unaandika ndani mstari huu:

`options uvcvideo quirks=0x80`

Inaiambia draiva isiamini kiti ambacho kamera inakiomba, ipige hesabu yenyewe kwa ukubwa wa picha. Mimi nimeitumia kwa kamera nne za bei chee kwenye kibanda cha mtihani wa kompyuta, tatu zikakaa, ya nne ikatoa picha zenye mistari. Kwa hiyo siyo ya kuanza nayo usiku wa kuamkia usaili.

---

Kidume_wa_Mbagala · saa 1:40 asubuhi

Kumbe draiva ilikuwepo. Sawa nimenyamaza.

Ila swali wakuu, laptop yangu mpya nimeweka Ubuntu, kamera ya ndani haipo hata kwenye hiyo lsusb yenu. Hiyo nayo ni kiti?

---

mama_kerneli · saa 2:12 asubuhi

Haya, karibu skrini nyeusi, Kidume.

Yako ni ule ugonjwa mwingine. Kwanza tafuta kitufe: laptop nyingi zina swichi pembeni au alama ya kamera kwenye safu ya F, na kwenye baadhi yake ukikibonyeza kamera inakatwa kabisa kana kwamba umechomoa waya. Usicheke, kazini kwangu nimeshalipwa kwa kubonyeza hicho kitufe. Kama si hivyo, baadhi ya laptop mpya za Intel kamera yake haipiti USB hata kidogo, imeungwa moja kwa moja na kichakataji kupitia kinachoitwa IPU6, na hiyo inahitaji kerneli mpya pamoja na programu ya kamera iitwayo libcamera. Fungua uzi wako, andika modeli ya mashine, ubandike `sudo dmesg | grep -i ipu`. Huu tumwachie mwenye usaili.

---

SteshenariBabati · Alhamisi, saa 8:20 mchana

Wakuu, taarifa.

Jana nilizungusha desktop, nyuma kulikuwa na vumbi la kupanda mahindi. Tundu la kwanza likaonyesha Bus 01, la pili Bus 01, la tatu lililojificha chini ya waya wa mtandao likaonyesha Bus 02. Waya wa C270 ukafika kwa shida, kamera nimeiweka juu ya kamusi mbili. Nikafungua guvcview kwa makusudi kwenye akaunti ya ofisi, nikaiacha ikipiga picha kitambaa, nikarudi wateja na kuingia Firefox. Zote mbili zikawaka. Nikakaa nazo dakika arobaini nikizitazama kama mtu anayechunga maziwa jikoni.

Ile ya paspoti haina MJPG, ina YUYV peke yake. Hiyo dawa ya kienyeji sijaigusa.

Leo binti amekuja saa 3 na nusu, koti jeusi la dada yake. Umeme ulikatika saa 3:50, tukaangaliana, ukarudi saa 3:54. Mashine ikawaka, kamera ikarudi palepale, video2. Usaili umechukua dakika 35. Katikati kweli aliingia mzee mmoja anataka paspoti saizi nne za NHIF, kijana akampiga taratibu bila kusema neno, na kule kona hakuna kilichokatika.

Binti anasema walimuuliza swali moja tu gumu, mengine yote ameyajibu. Nimekataa hela yake, akaniachia soda.

Kwenye habu nimebandika karatasi, kwa gundi ileile: FUNGA GUVCVIEW KABLA YA KUBADILI MTUMIAJI. Kijana ameuliza kwani guvcview ikikesha inaharibu nini. Nimempa simu asome uzi, yuko kwenye ukurasa huu sasa hivi, amefika kwenye zile 24.6 na amechukua kikokotoo.

Mwenye Zilipendwa za Cuban Marimba kwenye flashi ani-PM.